Injini Ikikunyamazia Angani: Mwongozo kwa Rubani Mwenye Haraka

Wapo wanaodhani injini ya ndege ndogo huzima kwa bahati mbaya. Hao hawaijui kazi. Chukua Cessna 172, ndege iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo mpaka leo zimeundwa zaidi ya 44,000. Injini yake ya Lycoming ina silinda nne, plagi nane na magneto zinazojizalishia cheche zenyewe. Zima umeme wote wa ndege, taa, redio na kila kitu, nayo itaendelea kunguruma kana kwamba hayo hayaihusu. Kuinyamazisha injini ya namna hii ikiwa angani kunahitaji mtu wa kujituma. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, awe anaruka kutoka Wilson, Arusha au Zanzibar, na pia kwa abiria wake, ambao kwa kawaida hawaulizwi.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba injini inayonyamaza saa nne asubuhi mara nyingi ilishauawa saa kumi na mbili, ndege ikiwa imeegeshwa na rubani akiwa na chai mkononi. Kwa hiyo usisubiri ufike angani ndipo uanze. Anza na mafuta.

Mafuta hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupanda usawa wa bawa, kufungua kifuniko, kuchovya kijiti chenye alama na kusoma. Njia hiyo huchafua suruali, na abiria wakikuona unaning'inia pale juu na kijiti watadhani kampuni haina vifaa. Ya pili ni kukaa kitini na kuitupia geji jicho. Geji ya ndege hizi hutegemea boya linaloelea ndani ya tangi, na boya hilo lina tabia ya kusema unachopenda kusikia. Bila shaka utachagua ya pili. Ndege hunywa lita 30 hadi 35 kwa saa, lakini hesabu za nini wakati sindano inaonyesha nusu? Na akitokea mheshimiwa mwenye mkutano Dodoma, ameandamana na wasaidizi wawili wenye miili yao na mabegi ambayo hayakutajwa kwenye simu, uzito ukizidi usimguse mheshimiwa wala mabegi yake. Punguza mafuta. Mafuta hayana namba ya simu ya bosi wako.

Baada ya hapo shughulikia maji. Tangi lililolala nusu tupu kwenye hewa ya pwani hutoka jasho ndani kwa ndani usiku kucha. Maji hayo hayachanganyiki na petroli. Huzama chini kabisa, karibu na pale mafuta yanapotokea kwenda kwenye injini. Waliounda ndege walilijua hilo, wakaweka vali ndogo chini ya matangi, na rubani hupewa kikombe cha plastiki angavu. Unabonyeza vali, unakinga kidogo, unainua kikombe kwenye mwanga. Kama maji yamo, utayaona yamejitenga chini. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Rubani mwenye haraka hana dakika hizo, na tena kuinama chini ya bawa mbele ya watalii kunashusha hadhi ya miwani ya jua.

Porini mambo ni mazuri zaidi. Petroli ya ndege, yaani avgas, ni adimu katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki. Kwingi utakuta Jet A-1 peke yake, mafuta ya ndege za injini za tabaini. Kwa hiyo avgas husafirishwa kwa mapipa, na pipa lina siri zake. Likisimamishwa wima kwenye mvua, maji hutuama juu karibu na kizibo. Mchana chuma kikipata joto hewa ya ndani hutanuka, usiku ikipoa hujikunja, na pipa likavuta ndani chochote kilichokuwa kinasubiri mlangoni. Wazee wa kazi hulilaza pipa au huliinamisha, kisha hupitisha mafuta kwenye ngozi laini ya kuchujia, ambayo huruhusu petroli ipite na kuyazuia maji. Ngozi hiyo mpe kijana akafutie vioo.

Unayetaka matokeo ya uhakika zaidi, ondoka kabisa wakati ndege inajazwa mafuta. Avgas ya 100LL ina rangi ya bluu. Jet A-1 haina rangi, au ina unjano wa mbali. Jet A-1 ikiingia kwenye tangi la injini ya pistoni, usitegemee kwamba injini itagoma papo hapo ikakuaibisha. Itawaka vizuri kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, itakuendesha mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, itakuacha ufanye majaribio yako yote, kisha itakukana ukishaiacha ardhi. Mafuta hayo mawili yakichanganyika, bluu inaweza kubaki ikakudanganya. Kuna kipimo cha kizamani: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe usubiri. Petroli hukauka ikatoweka. Jet A-1 huacha duara kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Kipimo hiki ni cha bure, na nadhani ndiyo maana hakiheshimiwi.

Sijawasahau nyigu. Tangi la ndege linahitaji tundu la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanayapenda sana matundu ya namna hiyo, na ndege iliyoegeshwa siku kadhaa Lamu au Mafia kwao ni nyumba ya kupanga isiyo na mwenyewe. Tundu likizibwa, tangi huanza kujinyonga. Mafuta yamo tele, ila hayashuki. Ukaguzi wake ni kuchungulia tundu moja chini ya bawa, jambo ambalo tumekwisha kukubaliana kwamba halina hadhi.

Usidhani haya ni ya wageni wa kazi. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza urubani Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, mwezi Septemba 1936 akiwa peke yake ndani ya Percival Vega Gull, akaikabili Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, upande ambao upepo hukupinga njia nzima. Baada ya saa zaidi ya ishirini injini ikaanza kukatakata. Inaelezwa kwamba barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi: kasoro ileile ya nyigu wetu, tofauti ni fundi tu. Aliifikia nchi kavu katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, akateremka kwenye kinamasi, pua ya ndege ikazama topeni, naye akatoka na jeraha la kichwa. Akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kwa upande huo. Safari yake ilikuwa ifike New York, na hakufika. Lakini injini ilipomkatalia hakuiachia ndege ijiendeshe kwa matumaini, aliishika mpaka iliposimama. Kwa maana hiyo Bibi Markham hafai kuwa mfano katika mwongozo huu, na nimemtaja kwa heshima tu.

Kwa wenye ndege za zamani zenye kabureta, mnayo zawadi ya ziada. Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, joto la mle hushuka zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo barafu inaweza kuganda hata siku ambayo wewe umevaa shati la mikono mifupi. Asubuhi za Julai pale Limuru, mawingu yamelala juu ya chai na hewa imeloa, ndiyo mahali pake. Dawa yake ni kipini cha joto la kabureta. Ukikivuta, barafu huyeyuka, injini humeza maji yake, ikakohoa na kutetemeka kwa muda. Hapo ndipo rubani mwenye haraka huhitimisha kwamba kipini ndicho kilicholeta ugonjwa, akakirudisha.

Haya. Umefanya yote hayo, na injini imekuelewa.

Hakutakuwa na kimya kikubwa kama watu wanavyosimulia. Upepo utaendelea kuvuma, na panga boi litaendelea kuzungushwa na hewa mbele ya macho yako, hivyo utakuwa na sababu nzuri ya kutoamini. Tumia sababu hiyo. Kaa sekunde kadhaa ukijiambia itarudi. Gonga kioo cha geji. Mtazame mheshimiwa, utabasamu. Wakati huo mkono wako, ambao haukusomea urubani, utakuwa unauvuta usukani nyuma polepole, kwa kuwa ardhi iko chini na kila kiumbe mwenye akili anataka kwenda juu.

Huo ndio mkono unaoua. Injini ikizima haiigeuzi ndege jiwe. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia, na hewa hiyo inapatikana bila injini mradi uko tayari kuilipia kwa kushuka. Shusha pua, shika noti 65, ambazo ni kama kilomita 120 kwa saa, na Cessna 172 itakupeleka mbele karibu futi tisa kwa kila futi moja inayopoteza. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi, una kama kilomita 8 za kwenda na dakika nne za kufikiri. Dakika nne hazitoshi hata kwa utangulizi wa wimbo wa taarabu, lakini kwa rubani aliyetulia ni muda wa kufanya kila kinachotakiwa na bado akamkumbusha abiria kufunga mkanda. Ukivuta usukani, mwendo hushuka kuelekea noti 50, bawa likaacha kubeba, pua ikaanguka yenyewe bila kukuomba ruhusa, na ardhi uliyokuwa umepangiwa kuikuta taratibu ikaja yote kwa mkupuo.

Sasa tufikirie umetoka Wilson. Uwanja ule uko futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, na adhuhuri ya jua kali hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona iko futi 8,000. Kwa hiyo umepanda kwa kusuasua, umefika futi 400 juu ya paa za watu, na injini imekata. Nyuma yako kuna lami ndefu, gari la zimamoto na mgahawa. Kila kitu unachokipenda kiko nyuma. Geuka!

Hesabu ya kugeuka hufanywa chini, kwa kalamu, kwa sababu angani haifanyiki. Kuirudia njia uliyotoka si nusu duara tu. Ukimaliza nusu duara utakuwa pembeni ya njia, na itabidi uendelee kukunja ili uifuate. Yote hayo unashuka, na upepo uliokuwa usoni sasa unakusukuma mgongoni. Ukilalia bawa digrii 45, mwendo ambao bawa huacha kubeba hupanda karibu asilimia 19. Ukifika digrii 60 umepanda asilimia 41. Yaani kadiri unavyokata kona kwa woga, ndivyo unavyoisogelea ile hali ya bawa kukuachia, ukiwa chini mno kuweza kuirekebisha. Kwa anayerukia kusini-mashariki, mbele yake iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi: nyasi, twiga, na reli ya SGR iliyopandishwa juu ya nguzo ili mnyama apite chini. Mafunzo yanasema teremka mbele yako, ukikengeuka kidogo kushoto au kulia kukwepa vitu vigumu. Marubani wengi huogopa simba wa mbugani kuliko mabati ya Lang'ata. Simba angalau hana nyaya za umeme.

Ukiwa juu zaidi utalazimika kuchagua shamba, na hapa ndipo ladha ya mtu inapoonekana. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, nao hawakuwahi kumwona rubani akibadili shamba mara tatu. La kwanza lilikuwa zuri, ila lina ng'ombe. La pili halina ng'ombe, lakini liko mbali kidogo. La tatu lilionekana bora kuliko yote mpaka alipolikaribia akaona korongo katikati, na sasa la kwanza halifikiki. Chagua mapema, ukifika futi 1,000 uwe umeshaoa.

Barabara ya lami inavutia sana kutoka juu, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuiendesha. Pembeni kuna nguzo za umeme. Nguzo utaziona, nyaya hutaziona mpaka ziwe zimeshakuona wewe. Kuna bodaboda asiyetazama nyuma kwa gari, sembuse ndege. Na kuna matuta, ambayo huku kwetu huwekwa bila tangazo. Majaruba ya mpunga yanang'aa na yako bapa, lakini matairi yakigusa maji ndege hupinduka kifudifudi. Shamba la mkonge, kama yale ya Tanga, lina mistari iliyonyooka kana kwamba limepimwa kwa ajili yako, ila majani yake yana miiba ya ncha, na visiki vyake vimekomaa. Mahindi ni afadhali, ingawa marefu hukuficha mashimo. Nyika ya Serengeti ndiyo ndoto ya kila mtu, mradi ukumbuke kwamba kichuguu ni kigumu karibu sawa na zege na kwamba muhanga huchimba mashimo usiku bila kuwasilisha ramani.

Uwanja wa mpira wa shule ya msingi uache. Cessna 172 ikitua vizuri, katika hali ya usawa wa bahari, hukimbia kama mita 170 kabla ya kusimama. Uwanja wa mpira haufiki hapo. Halafu watoto wa shule wakiona ndege inashuka hawakimbii kuondoka, wanakimbia kuja.

Upepo tazama kwenye moshi. Nchi hii haikosi mtu anayechoma mkaa au mabua, na moshi wake utakuambia upande wa kutulia kwa usahihi kuliko programu yoyote ya simu. Ukitua dhidi ya upepo wa noti 10, umejipunguzia noti 10 za kugongana na dunia. Ukiwa nyanda za juu ongeza hesabu moja: pale Nanyuki geji ya mwendo ikisoma noti 60, ardhi inakupita kwa zaidi ya 65, kwa kuwa geji hupima hewa na hewa ya kule ni nyepesi.

Juu ya bahari mambo ni mafupi. Mahali pembamba pa mkondo wa Zanzibar ni kama kilomita 35, kwa hiyo ndege inayoteleza tisa kwa moja inahitaji kuwa zaidi ya futi 6,000 pale katikati ili ifike nchi kavu upande wowote. Rubani mwenye haraka huvuka kwa futi 2,000, kwani kupanda kunakula mafuta, na mafuta alimpunguzia mheshimiwa. Majaketi ya kuokolea huwa yamekunjwa vizuri chini ya viti, yakiwa mapya kabisa. Jaketi huvaliwa kabla, na hujazwa upepo mtu akishatoka nje. Anayelijaza ndani hubanwa darini wakati maji yanaingia. Fungua mlango ukiwa bado hewani, shuka ukiambaa na mawimbi makubwa badala ya kuyakata, na lenga karibu na ngalawa au jahazi. Meli kubwa huchukua maili nzima kusimama. Mvuvi atakufikia kwanza, na maswali atauliza baadaye.

Katikati ya haya yote kuna jaribio la kuiwasha injini upya, na hapa mwongozo wa kejeli unapata taabu, maana ukweli wenyewe ni kichekesho tosha. Mara nyingine injini imezima kwa sababu tangi moja limekauka huku la pili likiwa limejaa, na swichi ya kuchagua tangi iko sakafuni, katikati ya viti, ikingoja mkono. Au kipini chekundu cha mchanganyiko kilivutwa ili kupunguza mafuta kwenye hewa nyepesi ya juu, ndege ikashuka kuelekea pwani, na kipini kikasahauliwa palepale. Basi: swichi ya tangi, mchanganyiko, joto la kabureta, pampu kama ipo, ufunguo wa magneto. Mkono unaojua njia hauhitaji kuamrishwa. Mkono usiojua utafungua kitabu cha ndege, ukurasa wa yaliyomo.

Redio ndiyo ya mwisho. Mwenye haraka huanza nayo, akamweleza mwongoza ndege historia yote toka asubuhi. Mwongoza ndege ni mtu mwema, ila hana kamba ya kukushikia. Ita Mayday mara tatu, jina la ndege, mahali ulipo, watu wangapi, unaelekea wapi. Kama hayupo wa kukujibu kwenye masafa uliyomo, 121.5 ni ya dharura dunia nzima, na namba 7700 kwenye transponda itawaamsha wenye rada. Kisha nyamaza urushe ndege.

Na ukiifikia ardhi, achana na wazo la kuiokoa ndege. Marubani duniani kote husema kwamba injini ikizima, ndege imeshakuwa mali ya bima, nami sijasikia hoja ya kupinga. Anayetaka kuiokoa ndege huja kwa mwendo mkubwa "ili awe na akiba", na akiba hiyo hulipwa kwa riba. Noti 80 zina nguvu ya kugonga karibu asilimia 80 zaidi ya noti 60. Mwili wa binadamu uliofungwa mkanda vizuri unaweza kuvumilia kusimamishwa kwa mara tisa ya uzito wake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusimama huko kunahitaji nafasi ya kama mita tatu tu. Kwa kilomita 160, ni zaidi ya mita kumi na moja. Mita tatu unaweza kuzipata kwenye vichaka, kwenye mahindi, hata kwa kupita katikati ya miti miwili na kuiachia mabawa. Mabawa yana vipuri, wewe huna.

Kabla ya kugusa, funga mafuta, zima magneto, legeza milango isije ikabanwa, teremsha flapu, na umeme mkuu uzime mwisho kwa kuwa flapu zinautegemea. Waambie abiria waondoe kalamu mifukoni na miwani usoni. Wataogopa. Wana haki. Ndiyo maana yale maelezo ya milango na mikanda yalipaswa kutolewa kabla ya kuruka, wakati mheshimiwa alipokuwa anaongea na simu.

Ukisimama, toka, nenda mbali na ndege upande upepo unakotoka, hesabu watu wako. Wanakijiji watakuja, na mwenyekiti wa kijiji atakuja na daftari la wageni. Waombe wasivute sigara na wasiguse chochote, kwa sababu mabaki hayahamishwi isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Kama ndege yako ina kile kisanduku kipya cha kuashiria dharura, cha masafa ya 406, setelaiti zimeshakusikia. Kama mwenye ndege alibana matumizi akabaki na cha zamani cha 121.5 peke yake, setelaiti ziliacha kukisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009, na simu ya mwenyekiti wa kijiji ndiyo itakayokuokoa.

Wachunguzi wa ajali wakifika watakuwa wapole. Watakupa pole, watauliza kama umekula. Kisha wataomba madaftari ya matengenezo, watapima mafuta yaliyobaki kila tangi, watakinga mengine kwenye chupa kwa ajili ya maabara, na watakuuliza uliruka na lita ngapi. Jiandae kwa swali hilo, maana "za kutosha" hawaipokei.